Pumzi ya Dakika Kumi na Tano

Asubuhi ya siku ile Gundi aliukagua mfuko wake mara tatu, mshono kwa mshono, na mara zote tatu hakuona kasoro. Hilo ndilo lililomtia hofu. Angeona tundu, angeliziba. Angeona uzi umelegea, angeukaza. Lakini mfuko ulikuwa mzima, umelala juu ya meza ya baba yake katikati ya soli na misumari ya viatu, na ikifika saa nne kuna mtu angeuvaa na kuingia nao mahali ambapo hakuna kiumbe avutaye pumzi mbili akabaki hai.

Watu wa mgodini walimwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuonekana bila utando wa gundi ya mpira. Alikuwa binti wa fundi viatu, mwenye miaka ishirini na sita, umri ambao shangazi zake walikuwa wameshaacha kumtania na kuanza kumwonea huruma. Kazi ya viatu aliijua tangu utotoni. Kazi ya mfuko aliianza miaka tisa nyuma, baada ya ule moto wa mgodini. Wachimbaji saba walinaswa ndani. Watu kumi na wawili wakaingia kuwaokoa, na hakuna aliyetoka, si hawa wala wale. Hawakuuawa na mawe, waliuawa na hewa. Wiki iliyofuata wajane wakaanza kuja dukani mmoja mmoja, wamebeba viatu vya waume zao, wakiuliza kama vinaweza kupunguzwa viwafae watoto. Gundi alipokea jozi kumi na nane. Nyingine alikuwa amezishona mwenyewe mwezi uleule. Soli hazikuwa hata na mikwaruzo. Alizishika, akazigeuza, akashindwa kuzikata. Usiku ule akaanza kuchora.

Alichokichora kilikuwa mfuko wa ngozi na mpira wa kufungwa kifuani, wenye chupa ya shaba iliyoshindiliwa hewa safi, na kisanduku cha chokaa cha kuchuja pumzi iliyotumika ili iweze kuvutwa tena. Mvaaji anabana pua kwa kibanio, anauma mrija mdomoni, basi. Mwokoaji angeweza kutembea ndani ya moshi kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Mhandisi mkuu wa mgodi alimcheka miaka miwili. Mwaka wa tatu akachoka kucheka, akamkubalia jaribio moja tu: handaki la zamani lililo ubavuni mwa kilima lijazwe moshi wa salfa na majani mabichi, mtu aingie na kifaa, afike mwisho, achukue taa itakayowekwa huko, atoke nayo. Hewa ya chupa ilikuwa imepimwa kwa dakika kumi na tano. Kikishindwa, bibie asirudi tena ofisini kwake.

Mhandisi alipouliza nani atakivaa, wachimbaji wote walitazama chini. Ukainuka mkono mmoja, na ulionekana toka mbali kwa sababu mwenyewe ni mrefu kupita wote. Ngazi.

Alipewa jina hilo kwa sababu ya urefu wake, na paji lake la uso lilikuwa na makovu ya kila boriti ya mgodi. Kwa miezi minne alikuwa akija dukani kila baada ya siku mbili, kiatu kimeachama. Mwanzoni Gundi aliamini. Baadaye baba yake, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, alimwomba amwambie yule kijana kwamba kisu anachopasulia soli ni butu na anaharibu ngozi nzuri. Gundi alimfikishia ujumbe. Ngazi alitabasamu mpaka masikioni, na tangu siku hiyo akawa anakuja na viatu vizima. Anakaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yamefika kidevuni, anamtazama akishona. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake neno la mapenzi. Lakini mara moja, alipokuwa anampa uzi, Ngazi aliusahau mkono wake juu ya mkono wa Gundi, na gundi ikawashika kweli. Iliwabidi wachovye vidole kwenye mafuta kubandukana, na hakuna aliyefanya haraka.

Siku ile ya jaribio, saa mbili na nusu, mlango wa duka ulifunguka akaingia mama yake Ngazi.

Gundi alimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mmoja wa wale wajane kumi na tisa, na wa pekee ambaye hakuleta viatu vya mumewe. Gundi alimwamkia kwa heshima na kumvutia kigoda. Mama akaitikia, akaketi, akautazama mfuko pale mezani kama mtu anavyomtazama mbwa asiyejua kama anauma.

"Mwanangu ndiye atakayekivaa hiki?"

"Ndiye, mama."

"Umekijaribu mara ngapi?"

"Mara thelathini na moja. Kwenye kile kibanda chetu cha kufukizia ngozi, huko nyuma."

"Ngapi zimefaulu?"

Gundi angeweza kudanganya. Mama wa watu asingejua chokaa wala chupa. Lakini macho yale yalikuwa yamemganda, na yalikuwa macho yaleyale ya Ngazi.

"Ishirini na tisa."

"Na hizo mbili?"

"Moja, gundi iliachia. Nyingine, chokaa ilikuwa imeshika unyevu, haikuchuja. Nilianguka. Baba alinivuta nje kwa miguu."

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita."

Nyuma yao, fundi viatu alikuwa akigonga msumari mmoja uleule tangu mgeni alipoingia.

"Na yeye anajua?"

Gundi aliuvuta mkanda wa mfuko uliokuwa tayari umekaza. Hilo likawa jibu.

Mama yake Ngazi hakupandisha sauti. Alisema hakuja kugombana. Amegombana na mgodi miaka tisa na mgodi haujamjibu hata siku moja. Alisimulia, mikono imetulia mapajani, kwamba siku ya moto mumewe alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama ubavuni pake, salama, anakohoa. Akasikia mtu analitaja jina la rafiki yake aliyebaki ndani. Akageuka, akarudi. Hakumuaga hata kwa jicho.

"Basi ndicho ninachokishonea, mama," Gundi alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ndogo. "Mwingine akirudi ndani, aweze kutoka."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia vizuri." Mama akasimama. "Lakini nisikilize, binti. Nimeona anavyorudi nyumbani akitoka hapa, anaimba kama kalewa. Ukimrudisha mzima leo, bado sitakutaka uwe mkwe wangu. Mwanamke mwingine angemvuta atoke mgodini. Wewe unamtafutia sababu ya kuingia."

Akaondoka, mlango akauacha wazi. Fundi viatu aliweka nyundo chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba kuficha si kusema uongo, lakini ni ndugu wa tumbo moja.

Gundi aliubeba mfuko mgongoni, akaupanda mlima wa mgodi karibu mbio.

Alimkuta Ngazi kwenye chumba cha taa, peke yake, anafunga mikanda ya magoti. Alipomwona uso wake ulifunguka kama dirisha, na Gundi akatamani saa zote za dunia zisimame hapo, kabla hajasema lolote. Akavuta pumzi, akamwambia yote. Chokaa. Ijumaa. Baba yake kumburuta kwa miguu.

Ngazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho Gundi hakukitarajia.

"Uliumia?"

"Kichwa kiliniuma siku mbili."

"Jumamosi nilikuja. Nilikuuliza mbona umepauka. Ukaniambia ni usingizi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Njiani alikuwa amejitungia majibu matatu mazuri, ya kwamba hakutaka kumtia wasiwasi, ya kwamba chokaa ameibadilisha na sasa inakaa kwenye bati lililofungwa kwa nta. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu.

"Niliogopa utakataa," alisema. "Na ukikataa wewe, hakuna mwingine. Nililitaka jaribio hili kuliko nilivyokuogopea wewe."

Ngazi alirudi nyuma hatua moja, akagonga kichwa kwenye rafu ya taa, wala hakushika palipouma. Alimtazama muda mrefu. Gundi alishayaona macho yale yakicheka, yakisinzia, yakimfuata kila alipogeuka. Hakuwa amewahi kuyaona yakimtazama kama mtu baki.

"Ungeniambia," alisema polepole, "ningevaa. Ningevaa hata kama zingekuwa tano zilizofeli. Ndiyo nilivyo, na wewe ulikuwa unajua. Hukuninyima hatari, Gundi. Ulininyima kuichagua."

Gundi akaanza kuufunga mfuko kifuani mwake mwenyewe.

"Unafanya nini?"

"Nakivaa mimi."

"Acha."

"Mara zote thelathini na moja nimekivaa mimi. Nikisema kinafaa, niseme nikiwa ndani."

Walibishana kwa sauti za chini, sauti za watu wasiotaka kusikika nje, na hizo ndizo zinazokata zaidi. Ngazi alimkumbusha kwamba kibanda cha baba yake kina hatua nne na mlango. Handaki lina kona; kamba haiwezi kutumika kwa kuwa itanasa, na mtu akianguka, hakuna atakayeruhusiwa kumfuata. Gundi akajibu kwamba hayo yote yangempata na yeye Ngazi. Mlango ukafunguliwa, mhandisi mkuu akachungulia, saa yake ya mfukoni mkononi, akauliza kulikoni. Gundi akamwambia mvaaji amebadilika. Mhandisi akamtazama yeye, akamtazama Ngazi, akainua mabega. Kifaa chake, kifua chake, alisema. Zimebaki dakika kumi.

Mhandisi alipoondoka, Ngazi alisimama ameupa ukuta uso, ngumi zimekaza. Kisha akageuka, akamshika Gundi mkono wa kushoto kwa nguvu, na kumwekea kiganja ukutani.

"Fumba macho. Ukuta wa kushoto usiuache hata kidogo. Kuna nguzo ishirini na mbili. Zihesabu. Baada ya ya tisa dari linashuka, inama. Baada ya ya kumi na nne ni kona. Reli ya vitoroli iko katikati. Ukipotea kabisa, itafute kwa mguu. Rudia."

Gundi alirudia, macho yamefumbwa. Vidole vya Ngazi vilikuwa bado juu ya vyake, baridi. Pumzi yake aliisikia juu ya utosi. Angefumbua macho wakati ule, pengine angesema nisamehe, na pengine Ngazi angesamehe. Lakini kengele ya nje ililia, na mkono ukaondoka.

Mbele ya handaki watu walikuwa wamejaa. Moshi wa manjano ulikuwa ukitoka taratibu kama uji unaofurika. Gundi alimwona mama yake Ngazi amejitenga pembeni, na aliona mshtuko wake alipogundua nani amevaa mfuko. Gundi akavaa miwani ya kukinga moshi, akabana pua, akauma mrija, akafungua chupa. Mhandisi akashusha mkono. Akaingia.

Ndani hakukuwa na giza bali upofu, weupe mchafu usio na mwisho. Macho yaliwasha hata nyuma ya miwani. Gundi alitembea, kiganja ukutani, akihesabu. Hewa ya mfuko ilikuwa na ladha ya mpira na shaba, lakini ilikuwa hewa, tamu. Nguzo ya tisa, akainama. Ya kumi na nne, kona. Chokaa ilianza kupata moto kifuani, jambo alilolitarajia. Chokaa inayofanya kazi huwaka. Alijikuta karibu kucheka. Nguzo ya ishirini na mbili, akapapasa chini, akaigusa taa.

Alipoinama kuinua taa, jasho lilikuwa limelowesha uso wote, na kibanio cha pua kikateleza.

Harufu ya salfa ilimpiga kama kofi. Aliidaka pua kwa mkono kabla hajavuta. Moyo ulimwenda mbio. Na moyo ukienda mbio, chupa huisha mapema, hilo alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Sasa mkono mmoja una taa, wa pili una pua, na ukuta hauna mkono. Angeweza kuitupa taa. Lakini taa ndiyo iliyokuwa jaribio. Akaikumbatia, akageuka, akatembea kwa kuegemeza bega ukutani, nguzo moja, mbili, tano. Kwenye kona bega likakosa ukuta.

Alisogea kulia, akasogea kushoto. Hakuna kitu. Hakujua tena mbele ni wapi. Mfuko ulikuwa unanywea kifuani, kila pumzi fupi kuliko iliyopita, na akili yake, kwa utulivu wa ajabu, ikamwambia kwamba kifaa kinafanya kazi vizuri kabisa, ila mwenyewe amepotea. Akakumbuka sauti juu ya utosi wake. Akatafuta reli kwa mguu.

Aliipata. Lakini reli ina ncha mbili, na moja inarudi ndani. Alisimama juu yake asijue aende upande gani, na hapo akaihisi kwenye unyayo kabla hajaisikia: mtikisiko. Ngo. Ngo. Ngo. Mtu alikuwa akiigonga reli kwa chuma. Aliinama, akatega sikio karibu na ardhi. Upande ule. Akaifuata akiburuta mguu, hatua kwa hatua, akivuta mabaki ya hewa yaliyosalia mfukoni baada ya chupa kuisha, na mlio ukikua, mpaka weupe mchafu ukawa weupe wa mchana, akatoka, akapiga magoti kwenye nyasi na kuutema mrija.

Alipoweza kuona, alitazama kumtafuta Ngazi, akitarajia kumkuta na nyundo mkononi. Ngazi alikuwa chini, mbele kabisa ya mdomo wa handaki, wanaume wanne wamemkalia. Shati lake lilikuwa limechanika. Na aliyekuwa amepiga magoti kando ya reli, nyundo ya mtu ameishika kwa mikono miwili, bado anagonga kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, alikuwa mama yake.

Mhandisi mkuu aliikodolea macho saa yake, kisha akasema kwa sauti iliyokauka: dakika kumi na saba. Akaichukua taa, akaigeuza, akamrudishia. Kisha akamwamkia Gundi kwa kuvua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akimfanyia mtu asiye mkubwa wake, akamwambia aje ofisini Jumatatu na michoro yote.

Watu walishangilia. Gundi hakuwasikia vizuri. Ngazi alikuwa ameachiwa na amesimama, hatua tatu kutoka kwake, kifua kinapanda na kushuka, na hazikuvukwa hatua hizo tatu.

Mama ndiye aliyekuja. Aliiweka nyundo chini taratibu.

"Ilipotimu kumi na tano alikimbia," alimwambia Gundi. "Bila kifaa, bila kitambaa, bila chochote. Kama baba yake. Hakunitazama. Nimemwona kwa macho yangu, binti, na nimeelewa kwamba huyu ataingia tu. Uwepo wewe, usiwepo wewe." Akaugusa mfuko kifuani pa Gundi. "Mtengenezee wa kwake. Huo wako ni mfupi, utambana."

"Mama, nimemficha jambo. Sistahili hata..."

"Hayo ni yenu. Ya ukwe tutayaongea siku ambayo mikono yangu haitetemeki. Mimi nimesema mpime."

Gundi alitoa futi ya kamba mfukoni, ile ya kupimia miguu ya watu, akazivuka zile hatua tatu. Ngazi aliinua mikono bila kuambiwa, macho ameyatupa mbali juu ya vichwa vya watu. Gundi akaizungusha futi kifuani pake. Chini ya vidole vyake moyo wa Ngazi ulikuwa ukigonga kama mtu aliye nje ya mlango.

"Bado nimekasirika," Ngazi alisema, kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Chukua."

"Tangu ulipoingia, nilihesabu nguzo na wewe. Kila moja. Kwenye kona nikakupoteza."

Gundi alitaka kumwambia kwamba kwenye kona na yeye alijipoteza, kwamba alichokisikia mle ndani kabla ya nyundo kilikuwa sauti yake. Machozi yakamtangulia. Akainamisha kichwa asome futi, namba zikawa zinaogelea.

"Kifua hakipimwi hivyo," alisema. "Umejibana. Vuta pumzi."

Ngazi akashusha macho, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu chumba cha taa. Akavuta pumzi, ndefu, mpaka futi ikakaza mikononi mwa Gundi. Na hakuitoa upesi.